Barua ya Wazi kwa Mtukufu Sultani Kuhusu Jina Lake Linalokaa Dirishani

Kwa Mtukufu Sultani Haitham bin Tarik, Mwenyezi Mungu amzidishie umri, afya na subira ya kusoma barua ndefu.



Maulana, kabla sijasema neno naomba radhi mara tatu. Kwanza, kwa kukuandikia hadharani kama mtu anayemwita jirani kutoka juu ya paa, ilhali mtu wa daraja yako huandikiwa kwa bahasha iliyofungwa. Pili, kwa kuandika Kiswahili. Ndiyo lugha niliyonyonya Unguja kabla sijarudishwa kwenye mji wa babu zangu, na hapa Adam bado nasemeshana nayo na wenzangu barazani baada ya alasiri, tunapobishana nani kwao walikuwa na mikarafuu mingi. Kiarabu changu kinatosha kwa sala, kwa soko na kwa kuomba msamaha. Likija jambo la sheria kinanikimbia. Tatu, kwa urefu wa barua yenyewe. Nilikusudia ukurasa mmoja, ila heshima imekula nusu yake.

Nakuandikia kutoka Adam, wilaya ya Dakhiliyah iliyo mlangoni mwa jangwa, pale barabara ya kwenda Haima na Thumrait inapoagana na mitende. Si adabu mimi kukueleza wewe ni mji gani. Wewe ndiye uliyetukumbusha sisi, tarehe 11 Januari 2025, ulipotangaza kwamba Siku ya Taifa itakuwa 20 Novemba, kwa ajili ya mwaka 1744 na babu yenu Imam Ahmad bin Said. Kaburi lake liko Rustaq, na watu wa Rustaq wajivunie wapendavyo. Sisi tunasema kuzaliwa alizaliwa hapa, na hatutaki ugomvi.

Lakini kabla hajawa Imam, Seyyid Ahmad alikuwa nani? Alikuwa liwali wa Sohar. Mamlaka aliyokuwa nayo hayakuwa yake. Alikabidhiwa na Imam wa Yaarubi, Seif bin Sultan. Waajemi walipouzingira mji, huyu mtu wa Adam hakuwaambia watu wa Sohar wasubiri hadi jibu litoke juu. Aliushika mji akavumilia mzingiro wa miezi, na uamuzi ukawa wake, na lawama ingekuwa yake kama mji ungeanguka. Naomba radhi ya nne, ambayo sikuihesabu mwanzo: sisemi kwamba kila karani anayekabidhiwa muhuri ana haki ya kuota Uimamu. Nasema tu kwamba ukoo wako umeanza kwa mtu aliyekasimiwa kazi ya mwingine akaifanya kwa jina lake mwenyewe. Hilo ndilo ombi langu lote, na ningekuwa na adabu ya kutosha ningeishia hapa.

Sina adabu ya kutosha, kwa hiyo naendelea, nikianza na shukrani.

Tarehe 18 Agosti 2020 ulitoa amri za Kisultani 28 kwa siku moja. Sisi wazee tulizifuata kwenye televisheni kama watu wanaofuata mpira. Marehemu Sultani Qaboos, Mungu amrehemu, alikuwa mwenyewe Waziri Mkuu, mwenyewe Ulinzi, mwenyewe Mambo ya Nje, mwenyewe Fedha, na Benki Kuu pia ilikuwa chini yake. Ulivirithi vyote hivyo Januari ya mwaka huo, na Agosti ukaanza kuvigawa: Mambo ya Nje kwa Seyyid Badr bin Hamad, Fedha kwa Sultan bin Salim Al Habsi, bodi ya Benki Kuu kwa Seyyid Taimur bin Asaad. Mzee mmoja wa baraza letu alisema, "Leo kofia zimepata vichwa." Tulicheka, kisha tukaangalia kama kuna aliyesikia.

Hukuishia kwa mawaziri. Mwaka huo huo mikoa ilipewa mfumo wake, ukaandikwa upya 2022. Kila mkoa ukatengewa riali milioni 10 za maendeleo, kisha ukaelekeza ziwe 20. Tarehe 25 Desemba 2022 tukachagua mabaraza ya manispaa kwa simu ya mkononi, wajumbe 126 nchi nzima. Mimi nilipigiwa kura na mjukuu wangu. Maana yangu ni kwamba nilimwambia jina, yeye akabonyeza, na mpaka leo namuomba Mungu awe alibonyeza hilo nililomwambia.

Na katika yote uliyoyaachia, ambalo watu wa asili yangu tunakuombea dua zaidi ni la Aprili 2023. Kwa sheria ya 1993 Muomani aliyetaka kuoa au kuolewa na asiye Muomani alilazimika kupata kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani. Wewe peke yako ndiye unayejua, Maulana, ni wachumba wangapi wa Unguja, Pemba na Mombasa waliozeekea kwenye foleni ile. Sisi tunawajua wa mtaa wetu tu. Kwa amri namba 23/2023 ukaifuta sheria ya kibali. Madaraka yale hukumhamishia waziri mwingine wala idara nyingine. Uliwarudishia bwana harusi na baba wa bibi harusi, waliokuwa nayo tangu Adam yule mwingine, baba wa watu wote.

Sasa naja kwenye jambo langu. Ni dogo, naona haya hata kulitaja mbele yako.

Nimerithi mitende kumi na moja na fungu la maji ya falaji, mfereji wetu wa kumwagilia. Kwenye mchoro wa ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa na wao wana watoto, mitende minne kati ya hiyo imeangukia upande wa pili wa mstari. Kiserikali ile si mitende tena, ni barabara. Mitende yenyewe haijapata habari, inaendelea kuzaa tende za khalas. Mimi nataka mstari usogezwe hatua nne, basi.

Nilikwenda dirishani. Kijana aliyenipokea ana malezi mazuri: aliniita "walid", akaniagizia kahawa, akanisogezea tende. Akasoma karatasi zangu kwa makini, kisha akasema kwa upole, "Walid, hili si letu. Hili linatoka juu." Nikamuuliza juu wapi. Akanyoosha kidole darini. Nikatazama dari. Palikuwa na feni.

Nikapanda ghorofa ya pili. Kule nako nikapewa kahawa, na kule nako nikaambiwa juu. Jengo lile, Maulana, lina ghorofa mbili.

Miezi kumi na minne sasa. Nimejifunza kwamba "juu" wakati mwingine huitwa "mfumo", kama katika "mfumo umekataa", na wakati mwingine huitwa "maelekezo". Muamala wangu una namba, na namba hiyo naijua kuliko namba ya simu ya binti yangu. Kila nikifika, picha yako iko ukutani nyuma ya kichwa cha yule kijana. Yeye anasema imekataliwa, mimi nakutazama wewe. Ndipo siku moja likanijia swali ambalo nalileta kwako kwa unyenyekevu wote nilionao na mwingine niliouazima kwa jirani: Mtukufu, hivi ni wewe uliyekataa?

Hakika si wewe. Mtu mwenye nchi ya wilaya 63 hana nafasi ya kukesha juu ya mitende yangu minne. Basi kama si wewe, ni nani? Na kwa nini anajificha nyuma ya picha yako?

Mjukuu wangu, yule wa kura, anasoma sheria, na yeye ndiye aliyenifumbua macho. Mwaka 1999, kwa amri namba 91/99, nchi ilipata Mahakama ya Utawala ili raia aweze kulalamikia uamuzi wa wizara au idara. Mwaka 2022 ukaiunganisha na mahakama nyingine chini ya Baraza Kuu la Mahakama. Sheria ya mahakama ile iliweka mpaka wake wazi: mambo ya enzi ya dola, na amri za Kisultani, hakimu hayagusi. Hilo silipingi. Kichwa cha nchi hakiburuzwi mahakamani kwa sababu ya mitende. Lakini tazama, Maulana, linavyofanya kazi dirishani. Uamuzi ukiwa wa karani au mkurugenzi, naweza kumlalamikia mkubwa wake, kisha hakimu. Akisema tu "hili limetoka juu", amenifungia mlango wa mahakama kwa neno moja, bila karatasi, bila namba ya amri, bila sahihi. Amejifunika joho lako, na joho lako halishtakiwi.

Ndiyo maana nasema ulipokasimu madaraka ulitupa kitu kikubwa kuliko kurahisisha kazi. Mamlaka yakiwa mkononi mwako, raia ana dua tu. Yakishuka kwa waziri au kwa muhafidh wa mkoa, raia ana dua na ana rufaa. Zawadi hiyo umeitoa, imesainiwa, imetangazwa kwenye Gazeti Rasmi. Ila njiani, kati ya Maskati na dirisha langu, kuna watu wanairudisha kwako usiku bila kukwambia.

Simchukii yule kijana. Nimemfikiria sana wakati nikinywa kahawa yake. Akikata shauri akakosea, ataulizwa. Akichelewesha, hakuna atakayemuuliza, maana kuchelewesha hakuna tarehe wala sahihi. Mwenye akili yoyote, akiwa na mshahara na mkopo wa nyumba, atachagua kidole cha darini. Tumempa madaraka hatukumpa ulinzi wa kuyatumia, kama mtu anayemkabidhi mwenzake ufunguo wa nyumba kisha akamwambia ole wako ukifungua.

Waswahili wa pwani tunaijua hasara ya joho lililoazimwa. Niruhusu nikurudishe kwa jamaa zako wa upande wa pili wa bahari.

Tangu zama za Seyyid Said bin Sultan, ushuru wa forodha Unguja ulikodishwa kwa wafanyabiashara; Jairam Shivji alikuwa nao kwa miaka mingi. Mfanyabiashara alikusanya, Seyyid alipata chake kilichokubaliwa, na kila mtu mjini alijua forodhani nani ni nani. Hilo lilikwenda. Balaa likaja 1888. Seyyid Barghash alifariki Machi. Mdogo wake Seyyid Khalifa bin Said akakalia kiti, na tarehe 28 Aprili akatia sahihi mkataba wa kuikabidhi kampuni ya Kijerumani utawala na ushuru wa mrima, kutoka mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Masharti yalikuwa mazuri kwa wino: kampuni itatawala kwa jina la Seyyid na chini ya bendera ya Seyyid.

Agosti kampuni ikashuka Pangani na bendera yake mkononi. Liwali Abdulgawi bin Abdalla akasema hana amri ya Seyyid ya kuruhusu jambo hilo. Jawabu la haki kabisa, kwa maoni yangu. Ni jawabu ninalotamani nami ningeweza kulitoa dirishani. Kampuni ikaitisha askari wa manowari. Watu wa Pangani hawakuulizwa, hawakuonyeshwa karatasi, na hawakuwa na pa kulalamika, kwa kuwa kila tendo la kampuni lilikuwa, kwa mujibu wa karatasi, tendo la Seyyid wao wenyewe. Basi wakalalamika kwa bunduki. Aliyewaongoza ni Abushiri bin Salim Al Harthi, wa kabila ambalo asili yake ni huku huku kwetu Sharqiyah, upande wa Ibra. Ujerumani ikamtuma afisa wake Wissmann na jeshi. Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata pwani yenyewe ikauzwa kwa marki milioni nne. Kilichoanza kama kukasimu kikaishia kuwa hati ya mauzo.

Sifananishi, Maulana. Kampuni ile ilikuja kunyang'anya, vijana wako wa dirishani wamekuja kupata riziki. Nataja kwa sababu ya jambo moja tu: mtu anapofanya kazi kwa jina la Sultani bila kuonyesha waraka wa Sultani, chuki haiendi kwake, inapanda ngazi mpaka kwa mwenye jina. Watu wa Pangani walipoinuka, hata jina la Seyyid halikuwatuliza tena. Alikuwa ameshalikodisha.

Wengine wamejaribu kulitibu hili. Tanzania Bara, kwa sheria za ardhi za 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Lakini hakuna anayemsubiri Rais aje kugawa kiwanja, kazi ni ya Kamishna wa Ardhi na maofisa walio chini yake, na wakikosea wanashtakiwa wao. (Kama wanagawa sawasawa, waulizwe ndugu zangu wa Dar es Salaam, wana barua zao za kuandika.) Marekani nako, tangu miaka ya 1950 wana kifungu kinachomruhusu rais kumpa mkuu wa wizara au idara kazi ambayo sheria imempa yeye. Masharti yake ni mepesi mpaka yanaudhi: iwe kwa maandishi, itangazwe kwenye gazeti lao rasmi, na rais asidhani kwamba kwa kukasimu amejivua dhima ya yatakayotendwa. Sipendi kutaja Marekani ninapokuandikia, nchi yetu haikukosa watu wa kufikiri. Lakini hata falaji ya jirani ikiwa safi mtu huitazama.

Basi ombi, na ndilo la mwisho, wallahi. Toa agizo dogo, wala lisifike ukurasa. Liseme kwamba yeyote katika ofisi yoyote ya Omani atakayemwambia raia "hili limetoka juu" ataje namba ya amri na tarehe yake. Asiyekuwa na namba, neno hilo asilitamke. Aseme "nimekataa mimi", aandike kwa nini, atie sahihi na jina lake lote, na chini yake aandike ni nani wa kulalamikiwa na kwa siku ngapi. Na aliyekata shauri kwa nia safi akakosea, asihamishiwe jangwani; uamuzi usahihishwe, yeye abaki na kiti chake. Aliyekaa kimya miezi kumi na minne ndiye aulizwe.

Karatasi hiyo naomba ibandikwe ukutani, chini ya picha yako, kwa herufi kubwa kwa ajili yetu wenye miwani. Hapo nitakapokutazama nitajua lipi lako na lipi si lako, na dua zangu nitazigawa ipasavyo.

Kama katika barua hii kuna neno lililokuudhi, nimelikosea kwa uzee. Kama kuna lililokupendeza, ni la mjukuu wangu, na mwakani anamaliza masomo.

Jumapili asubuhi nitakuwa dirishani tena na namba yangu ya muamala. Mitende minne ya barabarani imezaa vizuri mwaka huu. Nimeshakuwekea kando kikapu cha khalas, Maulana. Nielekezwe tu nikipitishie dirisha gani.

Wako mtiifu,
Mzee wa mitende kumi na moja, ambayo saba ndiyo inayotambulika,
Adam, Dakhiliyah